Nusu ya Damari

Kwa miaka thelathini na nane, katika nyumba moja ya udongo na chokaa huko Jang'ombe, siku haikuanza kwa chai. Ilianza kwa zaburi. Kuni hazijashika vizuri, Farajala Songoro, fundi charahani, alikuwa ameshanawa uso, ameshavaa miwani yake iliyofungwa uzi mahali pa mguu mmoja, na ameshakaa juu ya kigoda karibu na mlango wa uwani ili mwanga umwangukie mikononi. Mkewe Damari alikaa mkekani, miguu ameikunjia upande. Mume alisoma nusu ya kwanza ya mstari, akanyamaza. Mke alijibu nusu ya pili kwa ghibu. Wakaendelea hivyo, huyu akitoa na yule akipokea, mpaka zaburi ikafika mwisho. Hapo ndipo birika lilipoteremshwa.

Ndivyo walivyozoea waumini wa kanisa la Mkunazini: upande huu husema, upande ule hujibu, na zaburi zote mia na hamsini hugawanywa katika siku za mwezi, asubuhi na jioni. Farajala aliyaokota mazoea hayo shuleni kwa mapadri, akayaleta nyumbani pamoja na mkasi na kastabani. Damari alikuwa mtu wa shamba, mzaliwa wa Dole, binti wa wachuma karafuu waliotoka bara. Alibatizwa mwezi mmoja kabla ya ndoa, na herufi hakuzijua. Mwaka wao wa kwanza mumewe alitaka kumfundisha, akamletea kibao na chaki. Damari alivitazama, kisha akavisukuma kando kwa ncha ya kidole.

“Nikishajua kusoma utanyamaza,” alisema. “Kila mtu atasoma kwa macho yake, na nyumba itakuwa kimya. Wewe nisomee. Miye n'takujibu.”

Farajala alicheka hata miwani ikamwanguka. Lakini hakubisha. Akawa anamtamkia nusu yake mara tatu, mara nne, mpaka ikakaa. Na miaka michache ilipopita, Damari alikuwa na nusu zake zote kichwani. Za mumewe hakujishughulisha nazo. Alizijua akizisikia, kama mtu anavyoujua mlio wa mlango wake mwenyewe; kuzianzisha hakuweza, na wala hakuona kwa nini aweze. Zile zilikuwa za Farajala.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, mwaka wa sabini na moja, Farajala alikuwa anashona kola ya kanzu. Mkono wake wa kulia uliteleza juu ya kitambaa, ukaangukia pajani kama kitu kisicho chake. Gurudumu la charahani liliendelea kuzunguka kitambo, kisha likasimama. Damari alipotoka uwani kuuliza kwa nini kazi imenyamaza, alimkuta mumewe ameinamia kitambaa, mdomo umekwenda upande, na machoni mwake mna mshangao wa mtoto aliyeanguka na bado hajaamua kulia.

Alilazwa wiki mbili. Siku ya kumruhusu, daktari alimweleza Damari kwa upole kwamba kiharusi kimeushika mkono na kimeufunga ulimi. “Mpe chakula laini,” alisema. “Na umsemeshe, mama, kila siku. Mtu akiachwa kimya, ulimi husahau njia.”

Basi Damari alimrudisha nyumbani kwa teksi, akamlaza kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango wa uwani, mahali pa kigoda. Asubuhi ya kwanza alimpikia uji wa mchele, akautia tui jepesi, akaupuliza, akamsogezea kijiko. Farajala alikitazama kijiko. Akaitazama rafu ya ukutani. Halafu alifunga midomo, akageuza uso kwenye ukuta.

Ikawa hivyo siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Alikubali vijiko viwili vitatu vya maji ya dafu nyakati za mchana, basi. Mashavu yalibonyea. Damari alimsemesha kama alivyoagizwa: habari za soko, habari za nyumba zinazovunjwa Ng'ambo ili yajengwe majumba ya ghorofa, habari za paka. Hakupata hata mguno. Jioni ya siku ya nne alipiga magoti kando ya kitanda akataka kumwombea kwa maneno yale yale waliyoyazoea, akafumbua kinywa, na hapo akagundua umaskini ambao hakuwahi kuujua. Alikuwa na majibu matupu. Alikuwa na “sitaogopa,” lakini kile kisichoogopwa kilikuwa upande wa Farajala. Alikuwa na “naye akanisikia,” lakini kilio chenyewe hakuwa nacho. Alisema nusu moja, akangoja. Akasema nyingine, akangoja. Kwenye kitanda kulikuwa na pumzi tu.

“Unaniona, Bwana?” alisema mwishowe, si kwa sauti ya sala bali ya mtu aliyeudhiwa. “Umechukua nusu iliyo ndefu.”

Asubuhi ya siku ya tano jirani yake, Bi Mwatima, aliita mlangoni.

“Hodi! Hodi wenyewe!”

“Karibu, shoga.”

“Nshakaribia.” Mwatima aliingia akiwa na bakuli lililofunikwa kawa. Alikuwa mjane wa makamo ya Damari, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Ukuta mmoja tu wa makuti ulizitenga nyua zao, na kila Ramadhani futari yake ilivuka ukuta ule kuja huku, kama vile maandazi ya Krismasi yalivyovuka kwenda kule. “Fundi kaamkaje?”

“Kama jana. Hajatia kitu mdomoni.” Damari aliteremsha sauti. “Nahisi ameshaamua, Bi Mwatima.”

“Ameamua nini?”

“Kwenda.”

“Alaa! Aende wapi, na kanzu ya kaka yangu Mcha ina kola upande mmoja? Hebu muulize hilo kwanza.” Akamgeukia mgonjwa. “Fundi! Mcha ataozesha binti mwezi wa mfunguo tatu. Avae kola nusu?”

Farajala hakugeuka. Damari alikaa mkekani akaanza kulia pole pole, na kwa mara ya kwanza akaueleza msiba wake wote: kwamba daktari amesema asemeshwe, kwamba maneno ya soko hayamfikii, kwamba yako maneno yatakayomfikia lakini yamo ndani ya kitabu kile rafuni, naye anajua nusu tu.

Mwatima alisikiliza, mkono shavuni. “Kumbe ndiyo hiyo,” alisema. “Miaka yote nasikia asubuhi huyu anasema, yule anajibu. Nkamwambia marehemu mume wangu Simai, wale jirani zetu wanagombana kila alfajiri, lakini wanagombana kwa adabu sana.”

Damari alicheka ndani ya machozi.

“Kitabu chenyewe ni Zaburi?”

“Zaburi.”

“Ya Nabii Daudi?”

“Ya nani tena?”

“Basi na kwetu ni kitabu.” Mwatima alisimama. “Mie juzuu nimehitimu tangu sijavunja ungo, na herufi zenu hizi nazisoma pale tawini, darasa la watu wazima, mwezi wa nne huu. Mwalimu anasema nna macho makali. Nipishe nikatie udhu. Kitabu cha Mtume sikishiki hivi hivi.”

Alirudi uso na mikono vikimeta maji, na kwapani amechukua marufaa ya mninga, ile ya kuwekea msahafu, aliyosomea utotoni. Aliikunjua mkekani. Damari alikishusha kitabu kwa mikono miwili, akakiweka juu yake. Jalada lilikuwa jeusi, limekuwa laini kama ngozi ya mkono. Mwatima alinong'ona bismillahi, akakigeuza mgongo ukae kulia, akafungua.

Hapo ndipo alipokosea, na hakuwa na njia ya kujua. Herufi zile alizisoma ubaoni tu, mwalimu akiandika na kufuta. Kitabu kizima cha hati ile hakuwahi kukishika. Na kila kitabu alichowahi kukishika maishani mwake kilianzia kulia. Alifunua karatasi moja tupu, ya pili tupu, akakuta maandishi, akashukuru Mungu kwamba zaburi ya kwanza ni fupi.

“M... mhi... mhi-mi... mhimi-di-ni,” alisoma, kidole kikitembea. “Mhimidini kwa... pe-mbe. Kwa pembe i-li-a-yo.” Akasimama. “Hapa pana nukta mbili, moja juu ya mwenziwe. Ndiyo nini?”

“Hapo ndipo ninapoingia mimi,” alisema Damari, na papo hapo akakunja uso. “Lakini siyo hiyo, Bi Mwatima! Hiyo ni ya mwisho wa mwezi, jioni. Ya matari na ngoma na matoazi. Leo ni tarehe ya tano. Mbona umeanzia mwisho?”

“Mwisho? Mimi nimeanzia mwanzo.”

“Mwanzo uko huku kushoto.”

“Kitabu kianzie kushoto? Basi mtu anaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma!”

“Mwenye nyumba ndiye anayejua mlango wake uko wapi.”

“Na wewe mwenye nyumba umekaa miaka arobaini hujui hata komeo lake!”

Kitandani palitoka sauti. Wote wawili waligeuka. Farajala alikuwa ameuacha ukuta. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande ule ule mbaya, lakini bega lake zima lilikuwa linatikisika na machozi yalikuwa yanamtiririka, na ile sauti, yenye mkwaruzo kama mlango uliofungwa masika nzima, ilikuwa ya kucheka.

Kisha Mwatima, kwa busara ambayo Damari hakuisahau tena, alikirudisha kidole palepale. “Mhimidini kwa pembe iliayo,” alisema, safari hii bila kukwama.

“Mhimidini kwa kinubi na zeze,” akajibu Damari.

Jioni za namna ile, mwisho wa mwezi, Farajala alikuwa akigonga kigoda kwa kastabani iliyo kidoleni palipotajwa ngoma. Walipofika penye ngoma, kidole cha mkono wake wa kushoto kiligonga ubao wa kitanda. Ta, ta. Na zaburi ilipokwisha akautazama uji, akafumbua kinywa.

Alikula vijiko kumi na moja. Damari alivihesabu. Alipoweka bakuli chini alijipiga kofi pajani.

“Ole wangu! Miaka thelathini na nane hajatia tonge kinywani kabla ya zaburi. Hata kwenye safari, hata nilipomzika mama yangu. Nami namletea uji, kisha nasema amekataa kula. Alikuwa anaitazama rafu, Bi Mwatima. Siku tano anaitazama rafu!”

“Hakukataa,” alisema Mwatima, akilifunga jalada kwa heshima. “Alikuwa hajasali.”

Tangu siku hiyo Mwatima alikuja kila asubuhi akiwa na udhu wake, na kwa kuwa alisoma pole pole, walisoma zaburi moja kwa siku. Damari alitaka wafuate tarehe, kama ilivyo desturi. Lakini kila alipotaja jambo hilo, bega la Farajala lilianza kutikisika. Basi waliacha kitabu kiendelee kurudi kinyumenyume, kutoka mwisho kuelekea mwanzo, kama alivyokifungua msomaji wake.

Jambo hilo lilimpa Damari taabu ambayo hakuisema. Zaburi za kilio ziko nyingi mwanzoni mwa kitabu. Huko mwisho kuna sifa juu ya sifa: milima isifu, theluji isifu, wanyama watambaao wasifu. Siku tano mfululizo haukuwamo mstari mmoja wa malalamiko, naye alikuwa na malalamiko. Mumewe alikuwa anakula, mashavu yalianza kurudi, hilo aliliona. Lakini ulimi ulikuwa bado umefungwa. Kila alipojibu nusu yake, sauti iliyomtangulia ilikuwa ya Mwatima. Ile aliyoizoea haikuwapo. Daktari alimwonya kwamba ulimi husahau njia. Ikiwa umeshasahau? Alijiona kama mtu aliyealikwa karamuni siku ya matanga.

“Miye nashukuru,” alimwambia Mwatima siku ya kumi ya kusoma, wakichambua mchicha uwani. “Sikufuru. Lakini nilimwoa mwanamume mwenye sauti.”

“Alikuoa wewe.”

“Nilimwoa miye. Yeye alikuwa na haya.”

Mwatima alicheka, kisha akasema bila ya mzaha, “Muombe Mungu kinachokuuma. Lakini usimfiche kile alichokwisha kukupa, ukajifanya hukukiona. Hata mimi mtu akinifanyia hivyo huudhika.”

Siku ya kumi na nne walifika kwenye zaburi ya watu waliochukuliwa mateka wakakaa kando ya maji ya ugenini, wakatundika vinanda vyao mitini kwa kuwa hawakuweza kuimba. Farajala, ambaye bibi yake aliletwa Unguja akiwa mtoto na hakupata kuliona tena ziwa la kwao, alikuwa akiisoma zaburi ile taratibu kuliko zote. Mwatima naye aliisoma taratibu, kwa sababu zake. Alipomaliza aligeuza karatasi kuchungulia ya kesho.

“Ya kesho ndefu,” alisema. “Lakini tazama maajabu: baada ya kila nukta mbili, maneno ni yale yale. Mpaka chini. Yale yale.”

Damari aliijua. Ilikuwa ile ambayo ndani yake msomaji hutaja mambo aliyoyatenda Mungu, moja baada ya jingine, na mjibuji hujibu kila mara jibu moja: kwani wema wake hauna mwisho. Farajala alikuwa akimtania kila walipoifikia. “Leo kazi yako nyepesi, mke wangu. Mimi nabeba mizigo, wewe unafunga kamba.”

“Asubuhi nitapitia foleni kwanza,” Mwatima aliendelea. “Wamesema mchele umefika duka la ushirika. Nitawahi, inshallah.”

Kesho yake jua lilipanda, uji ukaiva, ukatiwa tui, na Mwatima hakuja. Damari alichungulia njiani mara mbili. Alirudi akakuta Farajala ameegemea mto, mkono wa kushoto umekaa kifuani, macho yako rafuni. Hakuwa amegeuka ukutani. Alikuwa anangoja tu, kwa ule uvumilivu wake wa kuvumilia vifundo vya uzi.

“Msomaji wako yuko kwenye foleni,” Damari alimwambia. “Kula kidogo, atakuja.”

Midomo ilifungwa.

Damari alikishusha kitabu. Alikiweka juu ya marufaa, akakifungua kwenye kipande cha kitambaa alichokiacha Mwatima kuwa alama. Herufi zilimtazama kama umati wa watu asiowajua. Zile nukta mbili tu ndizo alizozitambua, zimejipanga katikati ya karatasi kutoka juu mpaka chini, na kila zilipokuwapo alijua kwamba hapo pana yeye.

Alijaribu. Alikumbuka kwamba mwanzoni kuna mbingu. “Aliyezifanya mbingu kwa akili yake,” alisema, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine alijijibu mwenyewe, “kwani wema wake hauna mwisho.” Alikumbuka jua, akakumbuka mwezi na nyota. Baada ya hapo palikuwa na bahari iliyopasuliwa, na wafalme wenye majina mazito, na mpangilio wake ukampotea. Alibaki amekaa, kidole juu ya karatasi. Farajala alikuwa anamtazama. Uji ulikuwa unapoa.

“Za kwako sizijui,” alimwambia. “Nilikataa kibao chako. Unakumbuka?”

Kisha, kwa kuwa mizigo ile ya mumewe hakuweza kuibeba, alianza kubeba iliyokuwa karibu.

“Aliyenitoa Dole na kanga moja,” alisema, “akanileta nyumba yenye mlango.”

Na hapo, bila kukusudia, akafanya kile ambacho msomaji hufanya. Alisimama, akangoja. Hakuwahi kukaa upande ule. Hakujua kwamba upande ule mtu husikia ukimya kwanza. Kwamba kila asubuhi, miaka thelathini na nane, Farajala alikuwa akifika mwisho wa nusu yake na kukaa kitambo kidogo katika ukimya kama huu, bila ya chochote mkononi, akiamini tu kwamba atajibiwa.

Kitandani midomo ilitikisika.

“Kwa...” ilisema ile sauti ya mlango wa masika. “Kwa... ni.”

Damari hakuthubutu kuinua macho.

“Kwani we... ma.” Pumzi. “Wema wa-ke. Hau... na. Mwisho.”

Aliuma upindo wa kanga yake. Alitaka kupiga ukelele, kuruka ukuta wa makuti, kuita mtaa mzima. Lakini alimjua mumewe: kazi ikishashika mshono haisimamishwi. Akaendelea.

“Aliyekupa wewe charahani, na macho ya kutunga uzi.”

“Kwani wema wake hauna mwisho.” Safari hii ilitoka kwa mkupuo mmoja, kama uzi uliopita tunduni.

“Aliyetuvusha siku za Mapinduzi, tukalala chini ya kitanda sisi na Mwatima na Simai, tukaamka wote.”

“Kwani wema wake hauna mwisho.”

“Aliyetupa Yakobo na Persi, wakakua, wakaenda Dar es Salaam, wakatusahau nusu.”

Kwenye jibu mlikuwa na kicheko.

“Aliyetupa Tabia,” alisema Damari, na akakwama.

Jina lile halikuwa limetamkwa asubuhi ndani ya nyumba ile kwa miaka ishirini na tisa. Tabia alikuwa wa mwisho. Aliishi miaka minne, akafa kwa homa ya siku mbili, na siku ya tatu Farajala alikaa juu ya kigoda akafungua kitabu kama kawaida, na Damari akajibu kama kawaida, lakini alijibu akiwa amefumba ngumi. Hakumwambia mtu. Sasa alikuwa upande wa msomaji, na nusu ya kwanza ilikuwa yake, na ilikuwa lazima aimalize.

“Aliyetupa Tabia miaka minne,” alisema, “kisha akamtwaa.”

Alitaka kusema kwamba hapa hapana haja ya kujibu. Kwamba hapa wanaweza kuruka. Farajala hakungoja. Mkono wake wa kushoto ulinyooka juu ya blanketi, kiganja kimefunguka, na kutoka katika ule mdomo uliokwenda upande lilikuja jibu, pole pole, neno moja moja, akiyaweka chini kama mtu anayemlaza mtoto.

“Kwani. Wema wake. Hauna. Mwisho.”

Damari alikitia kiganja chake ndani ya kile. Akagundua kwamba vidole vyake havikuwa vimefumba ngumi. Walikaa hivyo. Nje muuza maji alipita na mkokoteni wake. Baadaye kidogo Damari aliendelea, kwa sababu mizigo ilikuwa bado mingi na asubuhi ilikuwa yao.

“Aliyetupa jirani,” alisema, “anayefungua kitabu kwa nyuma.”

“Kwani wema wake hauna mwisho!”

“Nani huyo?” Mwatima alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemwanguka shingoni, kapu mkononi. “Nani huyo anayesema?”

Farajala alimtazama. Alitaka kumwamkia, ilionekana. Alitafuta neno la kuamkia, uso ukajikunja kwa jitihada, halikuja. Akamwambia lile alilokuwa nalo. “Kwani wema wake hauna mwisho.”

“Subhanallah,” alisema Mwatima, akaketi palepale kizingitini na kapu lake. “Subhanallah. Mmesoma bila ya miye!”

“Aliyemsimamisha Mwatima kwenye foleni tangu alfajiri,” alisema Damari, akifuta macho, “ili mimi nikose msomaji.”

“Kwani wema wake—”

“Ebo! Usimtie Mungu katika foleni ile,” Mwatima alidakia. “Mimi nimekanyagwa na wanawake wenzangu, na ratili mbili ndizo nilizopata. Moja yenu. Fundi ameshakula?”

Uji ulikuwa umepoa umefanya utando. Damari alitaka kuupasha moto. Farajala aligonga ubao wa kitanda, ta, ta, akafumbua kinywa, akaula hivyo hivyo, wote mpaka chini ya bakuli.

Maneno mengine yalirudi machache sana, nayo yalikuja na kwenda. Kola ya kanzu ya Mcha ilimaliziwa na fundi mwingine. Lakini lile jibu halikuondoka tena. Farajala aliomba chai kwa jibu hilo, na alilalamikia chai isiyo na sukari kwa jibu hilo hilo, na Damari, aliyekuwa ameishi na sauti ile tangu ujana wake, aliweza kusikia ndani yake ni lipi ombi, ni ipi lawama, na ni ipi shukrani. Wageni walidhani mzee anasali kutwa kucha. Hawakukosea sana.

Jumatatu iliyofuata, saa kumi za alasiri, Bi Mwatima alipokuwa anapita kwenda darasani tawini, alimkuta jirani yake ameshavaa kanga za kutokea, amesimama mlangoni na kibao cha zamani ambacho hakuna aliyejua kwamba kilikuwa kimehifadhiwa chini ya kitambaa ndani ya kasha la fundi, pamoja na kipande cha chaki.

“Unakwenda wapi, shoga?”

“Nnakwenda kutafuta nusu ya kwanza,” alisema Damari. Aligeuka mlangoni. “Farajala, nikishajua kusoma usinyamaze. Umesikia?”

Kutoka ndani, karibu na mlango wa uwani, alijibiwa.